Sanctuary au Crying Freeman: uanze na ipi?

Mtu akiomba anime (katuni za Kijapani) ya magenge siku hizi atatajiwa zile zile: 91 Days, Black Lagoon, labda Gungrave ikiwa anayejibu ameanza kuangalia zamani kidogo. Ni nadra kumsikia mtu akirudi nyuma ya mwaka 2000. Huko nyuma kuna kazi mbili ninazozipenda kwa dhati, Sanctuary na Crying Freeman, na watu huziweka kwenye kapu moja kwa sababu zote zimetoka kwenye mkono wa mchoraji mmoja, Ryoichi Ikegami. Ukitazama picha tu utadhani ni hadithi moja iliyokatwa vipande viwili: wanaume warefu waliovaa suti zilizowakaa sawasawa, nyuso zilizochongoka, wanawake warembo kupita kiasi, usiku wa Tokyo, damu. Ndiyo maana ukiuliza uanze na ipi utajibiwa "yoyote tu, zinafanana". Hazifanani. Na ukianza na ile isiyokufaa, kuna hatari ya kuitupa na nyingine bila hata kuifungua.

Mambo ya msingi kwanza. Crying Freeman ni mfululizo wa sehemu 6, kila moja kama dakika 50, uliotengenezwa na Toei Animation na kutolewa kidogo kidogo kati ya 1988 na 1994. Ukiiangalia yote ni saa tano hivi. Sanctuary ni filamu moja ya dakika 70 hivi, ya mwaka 1996, iliyoongozwa na Takashi Watanabe. Hakuna kati ya hizo iliyotengenezwa kwa ajili ya televisheni. Zilitoka moja kwa moja kwenye kanda za video, soko lililokuwa kubwa Japani miaka ile, na watengenezaji walikuwa na uhuru ambao kituo cha televisheni kisingewapa. Kwa hiyo zote mbili ni za watu wazima. Usiziweke sebuleni watoto wakiwa macho. Crying Freeman hasa ina uchi mwingi na ukatili wa kijinsia ambao mtu yeyote ana haki ya kuukataa, na kama mambo hayo huyavumilii kabisa, uamuzi wako umeshapatikana hapo hapo.

Zote mbili zilianza kama manga, yaani hadithi za picha za Kijapani, na michoro ni ya Ikegami, lakini waandishi ni tofauti. Naona hapo ndipo njia zinapoachana. Crying Freeman iliandikwa na Kazuo Koike, yule wa manga ya samurai Lone Wolf and Cub, mtu aliyeamini kwamba ukishampata mhusika mwenye nguvu, hadithi itajiendesha yenyewe. Sanctuary iliandikwa na Sho Fumimura, jina jingine la mwandishi anayejulikana zaidi kama Buronson, aliyeandika manga maarufu ya Hokuto no Ken. Fumimura anataka kujua nani ana nguvu, aliipataje, na atanyang'anywa vipi. Koike anakupa mtu mmoja na mateso yake. Fumimura anakupa nchi nzima na wanaoigombania.

Tuanze na Freeman. Emu Hino ni mchoraji anayeishi peke yake. Akiwa Hong Kong, mlimani, ameweka turubai lake anachora mandhari, anawaona watu wakiuawa mbele yake na kijana mmoja. Muuaji anapomaliza kazi, machozi yanamtiririka. Badala ya kukimbia au kummaliza Emu pale pale, anazungumza naye na kumwambia jina lake: Yo. Emu anaelewa maana yake mara moja. Muuaji aliyekutajia jina lake hawezi kukuacha hai. Anarudi nyumbani kwake Japani, na kuanzia hapo anamngoja. Anamchora kwenye turubai huku akijua kwamba anayemchora anakuja kumuua.

Dakika hizo za mwanzo ndizo zinazonifanya niitetee Crying Freeman hadi leo, pamoja na kasoro zake zote. Hakuna haraka. Sehemu ya kwanza iliongozwa na Daisuke Nishio, ambaye wengi wanamjua kwa Dragon Ball, lakini humu hakuna kelele za Dragon Ball. Kuna nyumba kubwa, mwanamke mmoja, na mlango ambao lazima utafunguliwa.

Baadaye tunajua kilichompata Yo. Jina lake kamili ni Yo Hinomura, na alikuwa mfinyanzi. Filamu ya picha zinazoonyesha mauaji yaliyofanywa na genge la Kichina liitwalo 108 Dragons ilifichwa ndani ya chombo chake kimoja cha udongo. Genge likamteka, likaitawala akili yake, likamfanya muuaji wao, likampa jina la Freeman na kumchora joka mwilini. Mikono yake inaua kwa amri, lakini machozi hawakuweza kuyazuia. Ni wazo zuri sana: mtu ambaye mwili wake umeshachukuliwa na sehemu pekee iliyobaki kuwa yake ni kilio.

Tatizo ni kwamba wazo hilo linatimia mapema. Sehemu ya kwanza inajitosheleza. Ina mwanzo, ina mapenzi, ina vita na yakuza (wahalifu wa magenge ya Kijapani) wa Tokyo, ina uamuzi mkubwa wa watu wawili. Zinazofuata zinamweka Freeman kwenye uongozi wa genge na kumletea adui mmoja baada ya mwingine, na kila adui ni wa ajabu zaidi ya aliyemtangulia. Machozi yanaendelea kumtoka lakini uzito wake unapungua, kwa sababu sasa anaua kwa hiari kama bosi. Sisi tuliokulia kwenye mabanda ya video tunajua kwamba steringi hafi, na kuanzia sehemu ya pili unahisi Freeman naye amelijua hilo. Hofu inakwisha. Inabaki michezo ya visu, miili iliyochongwa vizuri, na hadithi ambayo haijali tena kama unaiamini.

Kama swali lako ni magenge yanaendeshwaje, Crying Freeman haina jibu. 108 Dragons ni genge la hekaya. Lina wazee wenye busara, lina kiti cha enzi, lina sherehe, lakini huoni linapata wapi fedha, linamlipa nani, polisi wanalijua kiasi gani. Ni falme za ngano zilizovishwa suti. Hilo si kosa kwa mtu anayetaka ngano. Ni kosa kwa anayetaka kitu kingine.

Kitu kingine chenyewe ndicho Sanctuary.

Vijana wawili, Akira Hojo na Chiaki Asami, walikuwa watoto wa Kijapani walioishi Kambodia wakati Khmer Rouge, wapiganaji wa kikomunisti, walipoingia mji mkuu, Phnom Penh, Aprili 1975. Familia zao zikaangamia. Wao wakapitia kambi, njaa na maiti, katika utawala ulioua watu wasiopungua milioni moja na nusu kabla ya kuangushwa Januari 1979. Wakafika Japani wakitarajia kukuta watu wenye furaha ya kuwa hai. Wakakuta nchi tajiri ambayo watu wake, machoni pao, wamelala huku wanatembea. Wakaapa kuibadilisha, kuifanya mahali patakatifu pao wenyewe. Lakini njia ni mbili, moja ya mwangani na moja ya gizani, na kila mmoja lazima achukue yake. Wanaamuaje? Kwa mchezo ule wa mikono wa jiwe, karatasi na mkasi. Anayeshindwa anakwenda gizani. Hojo anakuwa yakuza. Asami anaingia siasa, akianzia chini kabisa kama msaidizi wa mbunge.

Nimeshawahi kusikia watu wakisema mchezo huo ni upuuzi, kwamba mambo mazito hayaamuliwi hivyo. Mimi naona ndio msingi wa hadithi nzima. Hakuna aliyezaliwa mhalifu kati yao na hakuna aliyezaliwa mwema. Ingekuwa mkono mmoja umefunguka badala ya kukunjwa, mbunge angekuwa jambazi na jambazi angekuwa mbunge, na kila mmoja angeifanya kazi ile kwa ustadi ule ule. Ukishalikubali hilo, kila tukio linalofuata linabadilika: Hojo akimtisha mzee wa genge na Asami akimtisha mzee wa chama, unaona ni kazi moja.

Nguvu nyingine ya Sanctuary ni wakati wake. Manga ilianza 1990 na kumalizika 1995, na miaka ile Japani ilikuwa inaishi hadithi yenyewe. Mwaka 1992 sheria mpya ya kudhibiti magenge ilianza kutumika, wakati wanachama na washirika wa yakuza nchini walikuwa wanakadiriwa kufika 90,000. Mwaka huo huo Shin Kanemaru, mmoja wa wazee wenye nguvu kuliko wote katika chama tawala cha LDP, alikiri kupokea yen milioni 500 kutoka kampuni ya usafirishaji ya Sagawa Kyubin, akalazimika kuachia ubunge. Katika kesi iliyofuata likaibuka jambo zito zaidi. Mwaka 1987, kikundi cha siasa kali za mrengo wa kulia kilikuwa kinamwandama mwanasiasa wa LDP, Noboru Takeshita, kwa magari yenye vipaza sauti, na aliyekinyamazisha, baada ya kuombwa kupitia watu wa Sagawa, alikuwa mkuu wa genge la Inagawa-kai. Muda mfupi baadaye Takeshita akawa waziri mkuu. Mwaka 1993 LDP ikapoteza serikali kwa mara ya kwanza tangu kuundwa kwake 1955.

Fikiria msomaji wa Tokyo anafungua jarida lake kila toleo jipya linapotoka, anakuta mbunge kijana na bosi wa genge wanasaidiana kuwaangusha wazee, kisha anawasha redio kusikia habari. Hata Kambodia haikuwa mbali: Juni 1992 bunge la Japani lilipitisha sheria ya kuruhusu wanajeshi wake kwenda kulinda amani nje, baada ya mabishano makali, na kituo cha kwanza kikubwa kilikuwa Kambodia. Fumimura aliyachukua yaliyokuwa mezani kwa kila mtu na kuuliza swali ambalo magazeti hayakuuliza: kama siasa na magenge vimeshashikana mikono kwa faida ya wazee, itakuwaje vijana wawili wakivishikanisha kwa makusudi?

Filamu ya 1996 inalibeba swali hilo kwa utulivu. Watu wengi wanaketi wanazungumza, kwenye ofisi, kwenye magari, mezani. Ukiwa umezoea anime ya kurukaruka utasema haichezi. Mimi nasema inacheza kwa macho: Ikegami huchora watu wanaotazamana, na filamu imelikumbuka hilo. Genge humu ni taasisi. Lina vyeo, lina maeneo, lina wakongwe wanaolinda nafasi zao, lina vijana wasio na subira, na Hojo anapanda kwa kutumia akili zaidi ya bunduki. Kisha kuna Tokai, jambazi wa mtindo wa zamani, mkali, mchafu wa mdomo, asiyetaka kusikia habari za mipango mirefu. Kila anapoingia filamu inapata joto. Anamkumbusha mtazamaji kwamba Hojo, pamoja na suti yake na utaratibu wake, anaongoza watu wa aina hii.

Nizungumzie wanawake, kwa kuwa ni jambo ambalo mtazamaji wa leo ataliona mara moja. Emu anaanza vizuri mno katika Crying Freeman. Dakika za kwanza ni zake, sauti ni yake, tunamwona Yo kwa macho yake. Halafu anageuka kuwa mke wa bosi, na ingawa anapewa upanga na cheo, hadithi imeshahama kutoka kwake. Wengine wote wanaokuja nyuma yake wako pale ili miili yao itazamwe. Sanctuary ina Kyoko Ishihara, naibu mkuu wa kituo cha polisi huko Roppongi, mtaa wa Tokyo, mwanamke kijana mwenye madaraka juu ya wanaume wenye umri wa baba yake. Ana kazi, ana akili, na ndiye anayegundua kwamba Hojo si yakuza wa kawaida. Mwandishi hamwachi afanye kazi yake kwa amani, anamvuta na kumvuta kuelekea kwa Hojo kimapenzi, na kuna matukio ambayo ningependa yasingekuwepo. Hata hivyo, kati ya kazi hizi mbili, yeye ndiye mwanamke pekee ambaye ukimwondoa hadithi inayumba.

Sasa kasoro kubwa ya Sanctuary, ambayo lazima uijue kabla hujamaliza bando lako: haimaliziki. Manga ina vitabu 12. Filamu inachukua sehemu ya mwanzo tu, inawaweka watu kwenye nafasi zao, inakuonyesha ukubwa wa vita inayokuja, kisha majina yanapanda kwenye skrini. Hakuna sehemu ya pili. Norimoto Isaoka, mzee wa chama ambaye kwenye manga anakuwa adui wa kutisha kuliko jambazi yeyote, humpati ipasavyo mpaka ufungue vitabu. Wapo waliokasirika sana kwa hili na siwalaumu.

Kwa hiyo uchaguzi unakwenda hivi kwa maoni yangu. Kama una jioni moja na unataka kuingia na kutoka umeshiba, angalia sehemu ya kwanza ya Crying Freeman na usimame hapo. Utapata dakika 50 zilizokamilika, na hutapungukiwa na chochote cha maana kwa kuziacha nyingine tano. Ukiipenda sana michoro, endelea mpaka ya pili, ukijua kwamba kilele umeshakipita.

Kama unasoma manga, au uko tayari kujaribu, chagua Sanctuary bila kusita. Ndiyo kazi kubwa kati ya hizi mbili. Itazame kama mlango, kisha ingia kwenye vitabu, ambavyo vilitafsiriwa kwa Kiingereza na kampuni ya Viz miaka ya tisini. Filamu itakusaidia kwa kitu ambacho kitabu hakina: itakupa sauti za Hojo na Asami, na ukishazisikia zikipishana, ule ukali wa mmoja na utulivu wa mwingine, kurasa zenye maneno mengi ya kisiasa zitasomeka kwa wepesi.

Kama husomi manga na unataka urafiki wa watu wawili ndani ya genge kutoka mwanzo hadi mwisho bila kukatishwa, basi hakuna kati ya hizi inayokufaa, nami nitakupeleka kwenye Gungrave ya 2003, sehemu 26 kutoka studio ya Madhouse. Brandon Heat na Harry MacDowell ni watoto wa mtaani wanaoingia kwenye genge kubwa la Millennion. Mmoja hazungumzi, mwingine anataka dunia yote. Kuna mazimwi na risasi nyingi baadaye, kwa kuwa chanzo chake ni mchezo wa PlayStation 2, lakini nusu ya kwanza ni tamthilia safi ya genge, na miongo mingi ya maisha yao inaonekana nyusoni. Sehemu ya kwanza inaanzia mbele ya hadithi na inawachanganya wengi. Anzia ya pili, utairudia ya kwanza ukifika mahali pake. Aliyeipenda Sanctuary kwa ajili ya kiapo cha wale vijana wawili atakipata kiapo kile kile huku, kikiwa kimeozea mikononi mwa mmoja wao.

Kuhusu sauti: Crying Freeman ina toleo la Kiingereza la miaka ya tisini ambalo linaharibu kila kitu. Emu anasikika kama anasoma barua ya mtu mwingine. Tafuta la Kijapani lenye maandishi ya Kiingereza chini. Kwa Sanctuary pia ningechagua Kijapani, kwa sababu ya lugha ya heshima. Vijana wanavyozungumza na wazee wao, lini wanainama na lini wanaacha kuinama katika maneno, ni nusu ya vita yenyewe. Mtu aliyelelewa kwa shikamoo atamsikia kijana anapoanza kumkatia mzee heshima, hata kama hajui neno moja la Kijapani.

Na kama umeshaziona zote mbili na bado unataka za Ikegami, ujue zimeshatengenezwa pia kwa waigizaji. Sanctuary ina filamu ya Kijapani ya 1995, Hiroshi Abe akiwa Asami. Crying Freeman ina ya mwaka huo huo, iliyoongozwa na Mfaransa Christophe Gans, Mark Dacascos akiwa Freeman. Ya Gans ni nzuri kuliko watu wanavyodhani, na ilikuwa na busara ya kubaki kwenye hadithi ya Emu na Yo, pale pale ninapokushauri usimame.